Mlango Usio na Kizingiti

Mheshimiwa Meya, kabla ya salamu naomba radhi kwa niaba ya binti yangu. Mliokaa mbele mmeona, mliokaa nyuma mmesikia kicheko tu, basi niwaambie. Sasa hivi Maisie, mwenye miaka mitatu na nusu, amesukuma kigari cha mwanasesere wake, amepita chini ya utepe, ameingia nyumba namba sita, amezunguka sebule nzima, akatoka tena bila kusimama hata mara moja. Meya alikuwa bado anatafuta mkasi. Kwa hiyo nadhani nyumba zimekwisha funguliwa, na sisi wengine tunakamilisha taratibu tu.

Sasa salamu. Mheshimiwa Meya Lorna Petschel, Shangazi Valma, mzee wa wenyeji wa asili wa ardhi hii, uliyetukaribisha asubuhi hii kwa maneno machache na mazuri kuliko haya yangu, waheshimiwa madiwani, ndugu mchoraji wa majengo, uliyeendesha gari kwa muda wa saa tano kutoka jijini, mafundi wetu, kina mama mliooka keki, na ninyi wenye funguo mifukoni, Bi Elva na wenzako: habari za asubuhi. Mimi ni Brydie Kuchel, nauza mkate hapo ng'ambo ya barabara. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita na hii ndiyo hotuba yangu ya kwanza, kwa hiyo mkiona nimepotea, mtu akohoe.

Watu wananiuliza kwa nini nimesimamishwa mimi hapa na siyo mtu mwenye cheo. Jibu ni kizingiti.

Kila duka la mtaa huu mkuu wa Pinnalong lina kizingiti cha kimo cha matofali mawili. Waliojenga walitaka kuzuia maji ya mafuriko na vumbi la ngano, na walikuwa na haki yao. Lakini miaka mitatu iliyopita, Maisie akiwa na miezi minne, nilikuwa natoka dukani na kigari chake, na Bi Elva Schirmer alikuwa anaingia na kigari chake cha kutembelea. Tukakutana kizingitini. Mimi siwezi kushuka, yeye hawezi kupanda. Bi Elva akanitazama, akaangalia mtoto, akasema, "Mwanangu, mimi na wewe tuna magurudumu manane, na hakuna hata mmoja anayefika popote."

Nikacheka. Nikampitishia mkate wake juu ya kigari. Halafu akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Usiniwekee tena mwezi ujao. Napanda barabara."

Hakuna mtu wa Pinnalong asiyeijua kauli hiyo. Nyumba ya kulelea wazee iko Horswell, kilomita mia moja na kumi kwa barabara ya kaskazini. Makaburi yetu yako kwenye barabara hiyohiyo, kona ya kwanza. Tangu nikiwa mdogo nasikia watu wakisema fulani kapanda barabara, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kapanda mpaka wapi.

Je, Bi Elva alikuwa mgonjwa? Hapana, na hata leo ana afya kuliko baadhi ya madiwani, samahani waheshimiwa. Alikuwa na ngazi saba mbele ya nyumba yake, na bafu la kuingia kwa kuinua mguu juu, na vyumba vinne ambavyo vitatu hakuwa amevifungua tangu watoto wake waondoke. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi nzima. Sasa niulize: ngazi saba ni sababu ya kumpeleka mtu kilomita mia moja na kumi mbali na kila anayejua chai yake anainywaje? Na wakati huohuo mimi, mume wangu Tate na mtoto tulikuwa tunalala kwenye karavani nyuma ya kituo cha mafuta, maana katika mji wenye nyumba zilizojaa vyumba vitupu hapakuwa na hata moja ya kupanga. Na katikati ya mji, hapa tulipo, duka la vitambaa na benki vilikuwa vimefungwa miaka tisa, wapangaji wake ni panya. Sikuhitaji shule ndefu kuyaweka matatu hayo pamoja. Niliandika nyuma ya mfuko wa mkate: duka na benki vigeuzwe nyumba ndogo za wazee, na nyumba zao kubwa tupange sisi wenye watoto. Bi Elva akaupeleka mfuko huo mwenyewe kwa Meya, ukiwa bado na unga.

Mheshimiwa Meya, ungeweza kuutupa. Hukuutupa. Ulituita kikao, ukakubali kila mlango upimwe kwa vigari viwili, cha kwangu na cha Bi Elva, na mlango usiopitisha kimojawapo usijengwe. Ndiyo maana leo mtoto amekushinda kuingia.

Nimsifu na mchoraji wetu, ingawa kwanza nimseme kidogo. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa mzuri sana. Aliweka mabenchi yote nyuma, kwenye bustani yenye maua, yakitazama ukuta, ili wazee wapate utulivu. Tukakusanyika ukumbini kuutazama. Bi Elva akavaa miwani, akavua, akamwuliza, "Kijana, nani kakwambia tunataka utulivu? Utulivu tunao mpaka unatutoka puani."

Na hakuelewa, maskini, mpaka tulipomweleza habari ya kidole. Kumbe njia nzima kutoka jijini kila dereva aliyepishana naye alikuwa akiinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na yeye kila mara anasimamisha gari kando, anashusha kioo, anasubiri kuambiwa kuna nini! Alifika kachelewa saa moja na nusu. Ndugu yetu, hapakuwa na kitu. Ilikuwa salamu tu. Lakini salamu hiyo mtu haipati akiwa ametazama ukuta. Mabenchi yakageuzwa, yakaletwa mbele chini ya varanda, na tangu wenye nyumba wahamie mwezi uliopita Bi Elva ananitangazia hesabu yake kila siku nikimpelekea mkate. Jana ilikuwa vidole arobaini na kimoja kabla ya chai ya saa nne. Kule kwenye nyumba yake ya zamani, ukingoni mwa mji, anasema, wiki nzima alipata viwili, na kimoja kilikuwa cha mtu aliyepotea njia.

Sitaki kuongeza chumvi. Nyumba tano zenye watu haziufanyi mji kuwa jiji. Ila duka la mkate sasa linafunguliwa na Jumamosi. Mfamasia anakuja siku mbili badala ya moja. Sisi tunaishi katika nyumba ya Bi Elva. Tate ameziondoa zile ngazi saba akaweka mteremko, na mwenyewe wa zamani anakuja Jumapili kukagua kama nimeua mawaridi yake. Familia nyingine mbili zimeingia kwenye nyumba zilizoachwa, na shule iliyokuwa na watoto kumi na sita ina ishirini na mmoja. Maisie ataanza akiwa na wenzake wa kugombana nao. Kwa mama, hilo si dogo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengine mnatamani nisilitaje.

Nyumba namba sita haina mtu. Makubaliano na halmashauri ni haya, na niliyaridhia mwenyewe: zikijaa zote sita kufikia ufunguzi huu, ile hoteli ya zamani pale kona itageuzwa nyumba nane zaidi. Isipojaa moja, mpango unafungwa. Kuna majina kumi na moja ya wanaosubiri hizo nane, na wote ni wenye waume au wake zao, hawawezi kuenea namba sita, ambayo ni ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa awe Mzee Lindsay Obst. Hakusaini.

Simlaumu. Mke wake, Joy, alipanda barabara. Kwa miezi minne Mzee Lindsay aliendesha kwenda na kurudi kila siku, na siku ya mwisho alikuta kitanda kimetandikwa. Nilipomfuata kwake alinijibu, "Binti, nyumba za wazee wapeni wazee. Mimi nina miaka themanini na minne tu." Nikasema, "Mzee, si nyumba za wazee, ni nyumba zilizo karibu na mkate." Akasema, "Hatua ya kwanza ndiyo hiyo. Leo mtaa mkuu, kesho Horswell." Kisha akakigonga kiti cha Joy, kile cha kijani chenye mikono mipana, akasema, "Na hiki hakipiti kwenye mlango wowote wa serikali."

Nikatoa kamba ya mifuko ya unga, nikakipima palepale, Maisie akishika ncha. Kinapita. Kinabakiza nafasi ya vidole vinne. Nilimwambia hivyo, nikaondoka. Ilikuwa Jumanne.

Sina ahadi ya kumpa. Siwezi kumwambia kwamba hakuna atakayepanda barabara tena; sote tunajua ile kona ya kwanza. Ninachotumaini ni kwamba mtu akiondoka Pinnalong awe ameondolewa na jambo kubwa, siyo na matofali mawili. Na watoto wetu wakisikia fulani kahama, waulize, "Kahamia wapi?" na jibu liwe, "Hapo tu, kavuka barabara."

Mnageuka nyuma, na mimi nimeiona. Ndiyo, ni pikapu yake, na ndiyo mara ya tatu inapita tangu nianze kusema. Msimtazame hivyo, mtamfukuza. Mwinulieni kidole tu, kama siku zote.

Haya, nimalize, chai inapoa na keki za lamington zinatazamwa na mtoto ninayemfahamu. Nawashukuru mafundi, nawashukuru madiwani, nakushukuru Meya kwa kuuheshimu mfuko wa mkate, na ninyi nyote mliosimama juani mkinivumilia mpaka… Naam? Amesimama? Jamani, ameegesha. Mzee Lindsay, nakusikia! Unasemaje? Anauliza kizingiti kiko wapi, asije akakikwamisha kiti cha Joy. Hakuna kizingiti, Mzee! Lete moja kwa moja! Tate, shika upande ule, si mkono, utauvunja, shika chini. Nakuja, Mzee, nakuja! Samahani Mheshimiwa Meya, nishikie hii karatasi. Ndugu zangu, nilikuwa nawashukuru kwa kunivumi…