Sifuri au Tisa

Benchi la kijiweni lilikuwa mbele ya kibanda cha Msumari, fundi viatu, na asubuhi hiyo lilibeba namba. Binti yake alikuwa hospitali, kaingizwa chumba cha upasuaji kujifungua, na simu ya Msumari ilikuwa inakata roho. Kabla haijazimika moja kwa moja, akaiandika namba ya binti kwa chaki pale kwenye ubao wa benchi. Kugeuka tu achukue kahawa, Bonge, mwenzake wa kijiweni, akaja akakaa. Alipoinuka, tarakimu moja ilikuwa imeondoka na suruali yake.

— Samahani, kaka. Ajali haina kinga.

— Na makalio hayana macho, akasema Profesa, kinyozi wa jirani.

Msumari akakumbuka, akawaambia maneno ya binti, mwalimu wa hesabu: “Baba, namba yangu ni mamilioni kwa mamilioni, ila ukiigawa kwa tisa haibaki kitu. Hata ukijumlisha tarakimu zake, jumla inagawanyika kwa tisa.”

Wakajumlisha tarakimu zilizobaki. Arobaini na tano.

— Basi iliyofutika ni sifuri, akasema Bonge. Arobaini na tano inajitosheleza.

— Au tisa. Hamsini na nne nayo inagawanyika. Haba na haba hujaza kibaba.

— Sifuri, Profesa. Ndiyo maana imefutika kirahisi, haina kitu ndani.

— Duara litanasaje kwenye suruali? Tisa ina mkia. Halafu mwalimu hutoa sifuri, hapewi.

Msumari angeweza kuwanyamazisha. Kusema kweli aliogopa. Wakiendelea kubishana, hakuna wa kumpa habari mbaya.

Birika la kahawa lilikuwa limebaki machicha tu alipofika mama mmoja na kiatu kilichokatika mkanda. Akasikiliza kidogo.

— Kwani ni hizo mbili tu?

— Mbili tu, dada.

— Sasa mbona hamjazipiga?

Profesa akachungulia kikombe chake. Bonge akatoa simu mfukoni, akampa Msumari.

Akaanza na sifuri. Ikaita, ikaita tena.

— Mwanangu?

— Baba! Nimekutafuta mpaka basi. Kisu kimeniuma, usingizi sina, lakini yote tisa, kumi tumetoka salama. Mimi na mjukuu wako.

Msumari akakaa juu ya namba nzima, machozi yanamtoka huku anacheka.

— Anasemaje? akauliza Bonge.

— Anasema yote tisa.

— Si nilikwambia? akasema Profesa.