Ami wa Qantab

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja juu ya madebe mawili ya mafuta ya taa, nyuma ya soko la Matrah, pale ukuta unapotoa kivuli baada ya sala ya Ijumaa. Wakaao hapo wote walikuwa watu wa Unguja, walioingia Omani mwaka huohuo wa sabini, Sultani mpya alipoifungulia nchi milango. Thabit alimimina kahawa, wenziwe walimimina maneno. Harub walimwita Redio, maana habari haikumpita, na akishaipata huiongeza sauti. Marhoon walimwita Hakimu. Kule Unguja alikuwa akiita majina mlangoni mwa mahakama, na hukumu zikamwingia hukohuko mlangoni. Wa mwisho alikuwa Thani, fundi cherehani, waliyempa jina la Nanga kwa kuwa akishatua hanyanyuki wala hasemi. Ijumaa ile Nanga alikuwa mzito kuliko siku zote. Mpwa wake Aflah, mwanafunzi wa skuli huko Dubai, alikuja na mwenzake Majid kutembea Maskati kwa mapumziko ya wiki, na soko zima lilikuwa likiwacheka.

— Mmesikia ya watoto wa Dubai? Redio alianza, ingawa mjomba mtu yuko ubavuni pake. Begi lao lilidondoka garini njiani. Nguo zote, viatu vya akiba, vyote! Wameshuka hapa na walichovaa tu. Ndo maana wahenga wakasema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Nguo zenyewe hawana, Hakimu akamkata. Kiwale wapi?

— Ngoja basi. Huyo Majid kawasha sigara mbele ya lango kubwa, kama yuko Dubai. Kumbe pana mlinzi mmoja mzee, hajaambiwa kuwa amri za Sultani wa zamani zimekwisha. Kamnyang'anya sigara, na bakora ya mgongo kampa!

— Na huyu wetu, Thabit akadakia, kamwuliza muuza halwa njia kwa Kiarabu cha kitabuni, kile cha walimu wa Kimisri. Watoto wa soko wakamwandama: "Khutba! Khutba!" Alipokasirika akawatukana kwa Kiswahili. Ndo kapata jina jipya: Zinjibari.

Wakacheka. Thani alijaribu kucheka nao, ikatoka pumzi tu. Yeye mwenyewe wateja walikuwa bado wakimwigiza anavyotamka herufi "ain" ya Kiarabu.

— Halafu wakenda ufukweni kutafuta mashua ya kuwapeleka Qantab, Redio akaendelea. Nusu siku juani! Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na wao hata huo mkavu hawakuupata.

— Qantab wafuate nini? Hakimu akauliza. Kijiji cha wavuvi, milima imekibana kooni, njia yenyewe ya mbuzi.

— Yuko ami yake, akasema Thani.

Wote wakamgeukia. Basi Thani akawaeleza, polepole, kama mtu anayefumua mshono. Khelef, baba yake Aflah, ambaye ni shemeji yake Thani, aliondoka Qantab kijana kwenda Unguja, akamwacha nyumbani kaka yake mkubwa. Sasa Khelef yuko Dubai, upande mmoja wa mwili umempooza. Tangu aliposikia Omani imefunguka hana hadithi nyingine ila nyumba ya Qantab: dirisha linalotazama bahari, na kaka atakayewapokea. Mkewe, Kheiria, dada yake Thani, keshamfungisha mizigo. Mwenye nyumba wanayopanga huko keshaambiwa atafute mpangaji mwengine. Kwa kuwa yeye hawezi kutangulia, akamtuma mwanawe akamwambie ami yake kwamba wako hai, na kwamba wanakuja.

— Wakampata? Thabit akauliza.

— Wamempata. Kawakaribisha vizuri kabla hajauliza jina, desturi ya huku mwaijua. Tende, kisha kahawa. Aflah anasema alimtambua pale pale mlangoni: pua ya baba yake, na kukohoa kwake. Kanywa finjani ya kwanza, katiliwa ya pili. Ndo kaulizwa, "Wewe mtoto wa nani?" Kasema, "Wa Khelef. Mimi mtoto wa nduguyo."

— Enhe?

— Mzee kamtoa finjani mkononi. Na kahawa imo.

Hakuna aliyecheka. Muda mfupi waliokaa Omani ulikwisha wafunza kwamba mgeni ndiye anayetikisa finjani kusema imetosha. Mwenyeji hamnyang'anyi.

— Kamwambia, "Khelef alikufa Unguja, mwaka ule wa vita vya huko. Tumemsomea khitma hapahapa. Mimi sina ndugu." Kaingia ndani, kafunga mlango. Na mwenye mashua keshaondoka zake. Watoto wamelala mchangani, mbele ya nyumba ya ami yake Aflah. Alfajiri wakashika milima kwa miguu. Leo asubuhi nimemwosha Aflah nyayo. Ngozi imebaki kwenye beseni.

Thabit akaweka dele la kahawa chini. Hakimu ndiye aliyetoa hukumu kwanza.

— Urithi huo. Mali ya marehemu imekwisha gawanywa, kesi imefungwa. Fungu la Khelef limo mle nyumbani. Akifufuka, ukuta utahama.

— Ukuta! Redio akaruka. Mzee yule kaogopa ujasusi, wallahi. Vita viko Dhufari. Wanakuja vijana wawili wa suruali, hawana hata begi, Kiarabu chao cha matangazo. Wewe ungesemaje?

— Wapeleleze nini Qantab? Hakimu akamkata. Dagaa?

— Nyie hamwijui nchi hii, Thabit akainama na kupunguza sauti. Huku kuna mughayyab. Mchawi anakuchukua, watu wako wanakulilia wakidhani umekufa, na kumbe uko milimani unamchungia mbuzi. Sasa aje mtu akwambie, mie mtoto wa yule mliyemlilia. Utamwachia finjani yako?

— Kaburi la Khelef walilionea wapi? akauliza Hakimu.

— Ndo hapo! Khitma bila ya kaburi! Hiyo ndo dalili yenyewe!

— Basi labda, Redio akapanda juu zaidi, labda aliyechukuliwa ni huyohuyo mzee! Ami wa kweli yuko milimani, na huyu wa Qantab ni kivuli tu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbona huyu mwenyeji hakupona? Si mtu!

— Nyamaza, Redio, akasema Thani.

Alikuwa na neno ambalo hakuwapa. Asubuhi, miguu yake imo majini, Aflah alimwambia: "Mjomba, nilipolitaja jina la baba alinitazama nywele kwanza. Akazitazama sana. Kisha ndo akanitoa finjani." Zilikuwa nywele za kipilipili, za Kheiria, na za Thani mwenyewe, na za bibi yao aliyewalea wote wawili Unguja. Hakulitoa neno lile kwa sababu alijua kila aliyekaa kwenye ubao analo. Mmoja baada ya mmoja walikwisha kutazamwa hivyo, dukani, msikitini, mlangoni kwa jamaa zao. Kuzungumza wachawi kulikuwa kwepesi zaidi.

Aflah akatokea upande wa soko, anachechemea, miguu imefungwa vitambaa vya kanzu alivyovichana mjomba wake. Landrova ya dereva Mbalushi, ya kuwarudisha Dubai, ilikuwa imekwisha washwa, na Majid yumo ndani, amegeuza uso. Aflah akawaamkia wote, akambusu mjomba wake mkono.

— Masalkheri. N'nakwenda.

— Mungu akufikishe, mwanangu, wakajibu kwa pamoja, haraka, kama watu waliokutwa wakisengenya.

Lakini hakwenda. Alikuwa kijana wa kupenda maneno, na sasa alikuwa akiyatafuta kwa shida.

— Mjomba, baba atakuwa kakaa mlangoni. Ataniuliza kabla sijavua viatu. Nimwambie nini?

Hakimu akaangalia vidole vyake. Thabit akainua dele, akalirudisha.

— Mwambie... akasema Thani.

Honi ikalia. Aflah aligeuza kichwa, akamwashiria dereva asubiri, kisha akawarudishia macho, mmoja mmoja, watu wazima wote wale, akingoja.