Turudishiwe Sauti ya Wimbo Wetu

Mgeni rasmi wetu, ambaye ni Mkurugenzi wa kituo cha televisheni, viongozi wa mtaa, wazazi wetu, na ninyi majirani ambao vioo vya madirisha yenu hutetemeka kila tukianza mazoezi: shikamooni wote mnaostahili, na rika letu, mambo vipi.

KARIBU

Mgeni rasmi, tumefurahi kugundua kwamba una miguu. Miaka yote tumekuzoea kuanzia kifuani kwenda juu, nyuma ya meza, ukitutakia heri ya mwaka mpya. Karibu kiti cha mbele katika sherehe ya kundi letu. Mto wake umeshonwa na shangazi yetu mshonaji, ambaye chumba chake cha kazi ndicho tunachofanyia mazoezi. Amesema ukiupenda, mnaweza kuelewana.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, kundi hili la roki lilianzishwa na kituo chako. Usishtuke. Siku moja taarifa ya habari ilikwama katikati, mafundi wako wakaziba pengo kwa tamasha la roki la watu wenye nywele ndefu na magitaa makali. Wazee sebuleni wakaulizana, "Hawa wanaumwa nini?" Sisi tukaona watu waliopewa ruhusa ya kusema lililo moyoni bila kunong'ona. Kwa hiyo kama tumeharibika, hati miliki ni yenu.

Lakini televisheni ilikuwa imeanza kutulea zamani. Kwenye tamthilia, watu wakikaribia kubusiana, watoto tulitumwa maji jikoni. Msimu wa tamthilia nyumba zetu hazikuwahi kukosa maji ya kunywa. Tukirudi na bilauri, tunakuta familia ya kwenye televisheni imekaa mezani inazungumza, na familia yetu iko kimya inaisikiliza.

Hapo ndipo wimbo wetu ulipotoka. Mwimbaji wetu tunamwita Kengele. Kila akirudi kutoka shule humwambia baba yake, "Shikamoo, baba." Baba ni fundi wa magari, mtu hodari, mwenye kuheshimika mtaani. Haitikii marahaba. Anainua kiganja na kusema, "Subiri matangazo." Matangazo yakija, anabadilisha stesheni.

Tukaitungia wimbo shikamoo hiyo, tukauita hivyohivyo: "Subiri Matangazo."

TUNAYOJIVUNIA

Mwalimu mstaafu wa mtaani alikuja kwa shangazi kutushitaki. Alifika amekunja mikono ya shati kabisa.

"Wanatukana nini humu?" akauliza.

"Kaa usikilize, mwalimu," shangazi akamjibu bila kuacha kushona. "Mimi wamenizoesha, hata cherehani yangu sasa inakwenda kwa mapigo yao."

Akakaa. Wimbo ulipoisha akasema, "Kumbe mnaamkia! Mbona hamkusema? Haya, rudieni, na huyo wa gitaa aache kuruka kama amekanyaga kaa la moto." Wa gitaa ndiye mimi ninayewasomea. Naruka kidogo siku hizi.

YANAYOTUSUMBUA

Kituo chako kilitualika kurekodi kwa ajili ya kipindi cha vijana. Shangazi akatushonea mashati. Jumamosi ya kipindi, mtaa mzima ukakaa mbele ya televisheni.

Tukatokea. Bomoa, mpiga ngoma wetu, alikuwa anapiga kama anaua nyoka. Kengele alikuwa amefumba macho, mishipa ya shingo imesimama. Na sauti iliyotoka, mgeni rasmi, ilikuwa ya kwaya ya kina mama na kinanda cha taratibu sana. Tulipouliza, tukaambiwa sauti yetu imeondolewa kulinda maadili. Picha zimeachwa kwa sababu mashati yalipendeza.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kengele hakucheka.

Nyumbani kwao, baba aliutazama wimbo mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu: akaiacha televisheni ikiendelea, akamgeukia binti yake. "Mwanangu," akamwambia, "umeimba vizuri. Nimefurahi sana."

Kengele akasema, "Asante, baba," akaingia chumbani kwake.

Tangu siku hiyo hajaimba. Anakuja mazoezini, anashika kipaza sauti, anakohoa, anakirudisha. Sifa aliyoingoja tangu utotoni imemfikia, lakini ni sifa ya mama mmoja wa kwaya asiyemfahamu. Sehemu hii ya risala aliifuta mara mbili. Leo asubuhi ameirudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Tunajua roki inawatia watu wasiwasi, na kituo kina wazee wanaopiga simu. Lakini wimbo mzima ni shikamoo tupu. Tunaupiga kwa nguvu kwa sababu tuliamkia polepole kwa miaka, televisheni ikatuzidi sauti. Mlipokata sauti yetu mlikata salamu ya mtoto, mkaacha shati.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, spika tunazo, na hiyo inayokoroma tumeshaizoea. Ombi letu ni moja: wimbo huu urushwe na sauti yake yenyewe.

Baba yake Kengele hayumo ukumbini. Tulimwalika, akasema sherehe ataiona kwenye habari. Tunamwamini, habari hazijawahi kumpita. Mpiga picha wako yule pale, taa nyekundu inawaka. Tafadhali mwambie asizime, na kituoni mafundi wasiguse kitu. Kengele amekubali kuimba leo kwa sharti hilo tu. Baba asikie ubeti mmoja wa mwanawe, kisha aamue mwenyewe kama ni mzuri. Akisema ni mbaya, angalau atakuwa amemwambia Kengele mwenyewe.

Mungu akupe afya, akulindie kituo chako na wote wanaokifanyia kazi, akujalie macho makali na masikio makali zaidi.

Ni sisi, Kundi la Roki la Chumba cha Kushonea.

Kengele, kipaza sauti hiki hapa. Mwamkie baba.