Kopo la Tishu la Othmar na Matundu Yake Matatu

Baba Padri, wazee wetu shikamooni, wafiwa wote, pamoja na Bwana Romanus aliyekaa mstari wa mbele kana kwamba ndiye aliyechonga jeneza.

Marehemu Othmar Placidi Hyera alizaliwa Ruanda, hapa hapa Mbinga, tarehe 14 Machi 1941, akasoma hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1955, kama mimi msomaji wenu nilivyoachia la tano, na ukoo haujafa njaa kwa hilo. Mwaka 1962 alianza ufundi bati sokoni Mbinga, mwaka 1966 akafunga ndoa na mama Avelina, wakajaliwa watoto wanne.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, zilipoleta tishu mahotelini, wateja wakichomoa kumi kufuta kidole kimoja, marehemu alichukua kopo lake la miche ya kahawa, akatia springi ya mtego wa panya chini ya kibao cha kusukuma tishu juu, akakata mdomo mwembamba juu, tishu ikatoka moja moja, hiyo ni Agosti 1993, na kopo la kwanza akaliweka hotelini kwa Romanus. Romanus huyo, ambaye hajawahi kunyoosha hata msumari, akalibeba hadi Dar es Salaam, akaandikisha ubunifu kwa jina lake, akarudi na hati yenye muhuri kumkataza fundi asitengeneze tena. Marehemu akaenda mahakamani; hakutaka fidia, alitaka jina lake lirudi.

Shauri lilisikilizwa Songea tarehe 6 Juni 1996. Hakimu, mtoto wa mkulima wa kahawa, aliutazama mchoro wa hati, akauliza yale matundu matatu ya chini ni ya nini, naye Romanus akakohoa kibingwa, akasema, “Ya kupitisha hewa, mheshimiwa, tishu zisipate joto.” Watu walicheka hadi wakashika mbavu, maana kwetu hata mtoto anajua kopo la miche hutobolewa maji yasituame, na marehemu akauliza kwa upole, “Ndugu yangu, leo umeshazimwagilia?”

Hati ikafutwa, na Februari 1997 ikaandikwa ya Othmar.

Kifua kilimshika Novemba 2000, akafariki juzi, tarehe 9 Julai 2001. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wanajumuiya, na mafundi wenzake waliofunga vibanda siku tatu.

Bwana Romanus, tumesikia unavyosema njiani kwamba wewe ndiye uliyemfundisha. Tunayaona machozi yako pia, kopo lile pale mezani, chomoa tishu, moja tu, ndivyo alivyolibuni mwenyewe.

Othmar, jina ni lako, pumzika kwa amani.