Chura wa Futi ya Tatu

Nje ya duka la kinyozi kuna benchi ambalo halijawahi kukosa jibu. Jioni ile alilikalia fundi visima, wenyewe wanamwita Chini kwa Chini, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Siku ya kumi na tatu anachimba uani kwa mama mkwe wake, futi arobaini, tone hakuna. Aibu ya ukweni haina dawa, lakini yeye wala hakutetereka. Kwenye futi ya tatu alimkuta chura, ndiyo maana akang'ang'ania palepale.

— Penye chura pana maji, alisema, akipuliza kahawa. Kesho nayafikia.

— Halina ubishi, Kinyozi akadakia. Wahenga walisema, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Maana yake ng'ombe akimsikia chura, anajua bomba liko jirani.

— Chura gani lakini? aliuliza Redio, fundi redio, ambaye akiwaka hazimiki.

— Mkavu, ana vipele mgongoni.

— Huyo wa nyika! Nyikani yupo, milimani yupo, njiani humkuti. Anapitia wapi? Kuna mto huko chini, unapanda mlima!

— Mto unapandaje?

— Vyura wanausukuma. Umoja ni nguvu.

— Na vile si vipele, alisema Kinyozi. Ni matangi. Chura mmoja, lita mbili.

Chini alicheka kwa raha. Moyoni alishamwona mama mkwe akichota mpaka achoke.

Mara mama mkwe mwenyewe akatokea, ndoo tupu mkononi. Wote wakasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Eti baba, yule chura ulimkutaje?

— Amejifukia, mama. Katulia tuli.

— Anafanya nini?

— Anasubiri mvua, alijibu Chini kitaalamu. Hawa wa nyika ndivyo walivyo. Kiangazi chote wanasubiri.

— Sasa baba, kama hapo chini kuna maji, mvua anaisubiria nini?

Kinyozi akakumbuka ana mteja. Redio akazimika. Chini alitazama ndani ya kikombe.

— Sijui, mama.

— Hata mimi sijui, baba. Ila mimi sijachimba futi arobaini.