Fundi Waya na Vitofali Vyake vya Taa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetengeneza vitofali. Vitofali vya mbao, vya watoto kuchezea, picha nje, umeme ndani. Waliomjua walimwita Fundi Waya.

Alikuwa fundi wa redio. Mumewe, mchora mabango. Mke alitia waya, mume akatia rangi. Kitofali kimoja kina betri, kingine taa, kingine kengele. Ukivipanga picha ikatimia, dirisha lililochorwa linawaka. Kisha unabomoa, unajenga kingine. Hakutumia gundi. Nasema tena: gundi, hata tone, hakutumia.

"Kilichogandishwa mtoto hukichezea mara moja tu," alikuwa akisema.

Kugombana waligombana. Mwanzoni mume alipaka rangi mpaka juu ya vishaba vya pembeni vinavyopitisha umeme, taa zikagoma.

"Wee bwana, rangi yako imeziba njia!"

"Na waya wako hauna macho, mke wangu."

Wakanuniana siku tatu. Ya nne, mume akachukua msasa, akakwangua pembe zote. Mke akamwekea chai. Yakaisha.

Jumanne moja mwezi uliopita, saa nne asubuhi, Fundi Waya aliinamisha kichwa mezani. Mumewe, aliyekuwa akipaka mkia wa samaki, alidhani anatafuta skrubu. Kilikuwa kiharusi. Hakuinuka tena.

"Nilichomoa chuma cha kulehemu kwanza," mume alituambia. "Kilikuwa cha moto. Ndipo nikamwita."

Msibani alipokea mikono ya watu. Alikula, hakujua amekula nini. Mdogo wa marehemu akamvuta kando.

"Shemeji, lia basi. Usijifunge hivyo."

"Nimejaribu. Hakiji kilio."

Siku ya tano alirudi mezani. Shule ya chekechea ilisubiri vitofali arobaini, na ishirini na sita havikuwa na waya. Maishani mwake hakuwahi kulehemu. Shemejiye akaketi naye, akamsomea daftari la dada yake, mstari kwa mstari. Mume alijichoma kidole; maumivu yakachelewa kufika, kama mgeni asiyeijua nyumba. Kitofali cha kwanza kikagoma. Cha pili kikagoma. Cha tatu, alipokiunganisha na chenye betri, kikawaka.

"Kimewaka, shemeji! Kimewaka!" mdogo wa marehemu akashangilia.

"Naona."

Akavitenganisha. Akakiweka sandukuni, akachukua kingine.

Wiki iliyopita vilifika shuleni, vyote arobaini. Mume hakwenda kuvitazama. Alisema labda siku nyingine.

Kwako mume, kwako mdogo mtu, na jamaa wote: poleni, poleni sana. Kilio kina wakati wake, na asiyelia hajasahau. Nanyi mnaotusikiliza, mtazameni mnayefanya naye kazi kila siku. Liko jambo analolijua yeye peke yake. Muulizeni leo, angali anaweza kujibu.