Mzigo wa Mashavuni

Kijiwe cha kahawa cha mjomba Yahaya kiko Nyakato, kinatazamana na mafundi wa kuchomelea mageti, na benchi lake ni ubao wa kreti lililoleta mashine ya kiwanda ambacho leo hakuna anayekumbuka kilikuwa kinatengeneza nini. Wateja ni wale wale, na vikombe ni vile vile sita: ukimaliza kunywa, mjomba anakichovya kikombe kwenye ndoo ya maji, anakikung'uta mara mbili, kinakwenda kwa mwingine. Pale hakuna cha mtu. Wanawake hawakai, ila mimi nakaa, kwanza kwa sababu Yahaya ni kaka wa mama yangu, pili kwa sababu aliyejaribu kuninyanyua nilimuuliza ni kifungu gani cha sheria kinachosema kahawa ina jinsia, akakikosa. Mchana huo nilifika nimekumbatia begi kifuani, mjomba akasitisha kumimina.

Mjomba Yahaya: Raya, umebeba nini, yai la mbuni?

Mimi: Shikamoo mjomba. Nimebeba miwani.

Mjomba Yahaya: Marahaba. Miwani gani inayobebwa kama mtoto mchanga?

Nikaitoa. Kioo cheusi mbele, fremu ya alumini, mkanda wa kufumwa nyuma, na waya unaoshuka hadi kwenye betri la ukubwa wa kipande cha sabuni. Nikawaeleza: hii ni miwani ya uhalisia pepe. Ndani ina skrini mbili, kila moja ndogo kuliko stempu ya barua, na kila moja ina picha kali kuliko televisheni ya sebuleni. Ukiivaa unaona dunia nyingine, au unaona hii hii yetu, huku madirisha ya kompyuta yakielea hewani.

Chuo kiliazimwa moja tu. Sisi wanafunzi ishirini na saba tukapewa zamu za siku mbili mbili, na kila mmoja fomu yenye swali moja: taja kasoro ya muundo, na useme utairekebishaje. Mwenye jibu bora anapata miezi sita ya kazi pale maabara, kujaribu vifaa kabla havijaenda mashuleni. Kazi hiyo naitaka kuliko kombe lolote la mdahalo. Zamu yangu ilikuwa inaisha saa kumi, saa ilikuwa nane, na fomu yangu ilikuwa nyeupe pe. Wenzangu karibu wote waliandika kwamba ni nzito. Bi Gladness, msimamizi wa maabara, aliwarudishia fomu zao: "Kusema nzito si ugunduzi. Hata mzani unasema."

Wa kwanza kuishika alikuwa Rahim, fundi redio, tunayemwita Volti kwa sababu umeme umeshamtupa mara nne na kila mara anahesabu kama amemaliza darasa.

Volti: Hii ina feni. Tegeni sikio.

Mimi: Ni kweli. Kompyuta yote imo humo ndani, lazima ipoe.

Pembeni yake alikaa Projest, karani mstaafu kutoka Bukoba. Tunamwita Nshomile, jina wanalopewa watu wa kwao wanaopenda kukutajia shule walizosoma, na yeye analipokea kama shahada.

Nshomile: Kama kompyuta yote imo usoni, betri linafanya nini mfukoni?

Mimi: Wamelitoa nje kupunguza uzito.

Nshomile: Ndiyo maana wahenga wakasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Volti: Hapo methali imeingilia wapi?

Nshomile: Imeingilia kwenye waya.

Mimi: Na uzito haujapungua! Nikiivaa robo saa, mashavu yanawaka moto na shingo inasema imekoma. Halafu huo mkanda ukikutana na mtandio wangu unateleza kama uko kwenye lami yenye mafuta. Aliyeupima alimpima nani? Mwanaume mwenye kipara! Wahandisi elfu moja, hakuna hata mmoja mwenye dada?

Volti: Punguza jazba, Raya, hapa hakuna jaji. Uzito huo wamekusudia. Mbele kuna sumaku. Sumaku inavuta damu kutoka kisogoni kuja machoni. Damu ikijaa machoni, ndipo unaona vitu visivyokuwepo.

Nshomile: Uongo. Kitu cha bei lazima kiume. Kiatu cha harusi kinabana, suti ya kwaya inabana. Kisipouma, mwenye pesa atajuaje kwamba amevaa?

Nikawaambia nataka hoja, si hadithi. Mjomba akasema hoja zinakuja kwa kuvaa, akanawa mikono, akavaa. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akanyoosha mkono akagusa birika lake.

Mjomba Yahaya: Mbona naliona birika langu?

Mimi: Kuna kamera mbele, mjomba. Zinapiga picha ya nje na kuileta kwenye skrini papo hapo.

Mjomba Yahaya: Yaani nimewekewa kamera, skrini, kompyuta na feni, ili nikione kijiwe nilichokikalia tangu mwaka wa mvua kubwa?

Volti: Na Nshomile unamwona?

Mjomba Yahaya: Namwona. Anadaiwa shukrani kwa kikombe cha asubuhi.

Volti: Basi kifaa kinafanya kazi.

Zamu ya Nshomile ikawa ndefu. Kamera za ndani zinafuatilia macho: unachokitazama ndicho unachokichagua, kisha unabana kidole gumba na cha shahada kama kubofya. Nshomile akawa anabana hewa kwa vidole viwili, taratibu, juu, chini, kushoto.

Mjomba Yahaya: Anafanya nini huyu?

Volti: Anatia chumvi sangara.

Wakati huo kile kioo cheusi cha mbele kikaanza kuonyesha macho mawili, picha ya macho yake mwenyewe, ili walio nje wajue mvaaji anawatazama. Mafundi wa mageti wakazima mashine zao, wakasogea.

Volti: Macho haya si ya kwake. Ya kwake yana wekundu. Haya yamelala vizuri.

Nshomile: (kutoka humo ndani) Nimeelewa! Hii imetengenezwa kwa ajili ya vikao. Unalala ndani, macho yanabaki wazi nje. Na si vikao tu. Posa! Ukoo mzima unabaki Bukoba, unatuma miwani moja tu kwa wakwe, na miwani inatazama kwa heshima.

Volti: Na wakwe wakileta sahani ya senene wa kukaanga?

Nshomile: Tunabana hewa, tunachagua wakubwa.

Mimi: Mzee Projest, kasoro! Naomba kasoro moja!

Nshomile: Kasoro ni kwamba imechelewa. Marehemu mama yangu angeivaa kanisani.

Alipoivua, uso ulikuwa unamtiririka jasho na mashavuni ana alama mbili nyekundu kama amelalia mkeka. Mjomba akaipokea ampe Volti. Sasa, ule mto laini unaokaa usoni umeshikwa kwa sumaku ndogo, ukiuvuta unachomoka. Mjomba akauvuta, ukachomoka. Na mtu ambaye kwa miaka ishirini na mbili hajawahi kupitisha chombo kutoka mdomo hadi mdomo bila kukisuuza akafanya anachokijua: akauchovya kwenye ndoo, akaukung'uta mara mbili.

Mimi: MJOMBA!

Mjomba Yahaya: Nini? Jasho la mtu nimpe mwingine?

Mimi: Huo haulowi! Namaanisha hauloweshwi! Ni sponji hilo!

Volti: Sumaku imekufa. Damu haitapanda tena.

Nshomile: Maji yakimwagika hayazoleki.

Mimi: Haya yamezoleka yote, yako ndani ya mto!

Tukaukamua. Tukauanika juu ya benchi. Kila tukiubonyeza unatoa machozi. Bila mto, fremu ya alumini inakaa moja kwa moja juu ya mfupa wa shavu, haivaliki hata dakika moja. Saa nane na nusu. Fomu nyeupe, kifaa cha watu kimeoga, na zamu yangu inayoyoma. Nikakaa nimeshika mashavu kwa mikono miwili.

Hapo akaja mama mmoja ambaye kijiweni hajawahi kusimama, beseni la dagaa kichwani, mikono yote miwili ikining'inia bila kazi.

Yule mama: Hodi jamani. Nauziwa kahawa, au mpaka niwe na ndevu?

Mjomba Yahaya: Karibu, mama. Ndevu anazo Volti, na kahawa hajalipia.

Akajitambulisha kwamba ni Shamsa, anauza dagaa kutoka soko la Mwaloni, leo ameamua kujaribu huku. Akashusha beseni bila kumwaga hata dagaa mmoja, utosini kwake ikabaki ngata, ile pete ya kitambaa cha kanga iliyosokotwa. Akaniangalia.

Shamsa: Mwanangu, nani amekuzaba?

Mimi: Shikamoo mama. Sijazabwa, ni mashine.

Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akanawa, akaomba aijaribu, mto ukiwa haupo hivyo hivyo. Aliishikilia usoni kwa mkono, akaachia kidogo, ikamvuta mbele, akacheka.

Shamsa: Hili beseni lina kilo kumi na nane. Nimelibeba tangu stendi ya Buzuruga. Shingo inaniuma? Haiumi. Haka kadude hakafiki hata kilo moja, kananing'oa pua. Kwani mzigo unabebwa na mashavu?

Volti: Kitaalamu, mashavu...

Shamsa: Baba, umeshawahi kubeba maji?

Volti akatazama mafundi wa mageti.

Shamsa akanisimamisha, akaniwekea ngata yake utosini, juu ya mtandio, nayo haikuteleza, maana kanga kuukuu inashika. Akachomoa mtandio wake wa akiba kutoka mfukoni, akaupitisha juu ya ngata, ncha mbili akazishusha na kuzifunga kwenye pembe za fremu, kulia na kushoto. Fremu ikaning'inia mbele ya macho yangu, haigusi shavu. Kisha akaona waya.

Shamsa: Na hiki kinachoning'inia?

Mimi: Betri. Wamelitoa kichwani kupunguza uzito.

Shamsa: Ndiyo walipokosea. Ukichota maji ndoo moja mkono mmoja, unapinda. Chota mbili, unanyooka.

Akalipandisha betri, akalifunga kisogoni. Nikasubiri shingo ilalamike. Haikulalamika. Ameongeza mzigo, kukawa kwepesi. Nikakaa nayo nusu saa nzima kwa saa ya Volti, nikageuka, nikainama, nikabana hewa, nikasoma kurasa zinazoelea juu ya mageti, mashavu yangu yakiwa baridi kama ya mtu aliyetoka kuoga.

Nikaivua. Nikapanda juu ya benchi, na hili nalikiri, sikuweza kujizuia.

Mimi: Waheshimiwa! Wamekaa kwenye vyumba vya kiyoyozi, wakahesabu kila mwale wa taa, wakapima mpaka jicho linavyozunguka, lakini hawakumuuliza hata mtu mmoja anayebeba! Mama zetu wana elimu ya uzito ya miaka elfu, na elimu hiyo inachukuliwa bure, inatumiwa, haitajwi, haina jina! Hadi lini?

Mafundi wa mageti wakapiga nyundo kwenye vyuma. Nshomile akafuta machozi, akasema katika shule yake ya Bukoba bweni lingepewa jina la mtoa hotuba kama hiyo.

Nikashuka, nikachukua kalamu. Ikanitoka bila kukwama: kasoro ni kwamba uzito wote uko mbele ya uso na unabebwa na mashavu, dawa ni pete laini ya kushika utosi, fremu ining'inie kutoka juu, betri lirudi kisogoni liwe mizani. Nikachora na mchoro. Chini kabisa nikaandika kwamba mto wa uso umelowa kwa bahati mbaya na nitawajibika. Saa kumi kasoro dakika ishirini, na bodaboda hadi chuo ni dakika kumi.

Shamsa alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, kikombe mkononi.

Shamsa: Mwandiko mzuri. Hapo juu kabisa, palipoandikwa jina, umeandika jina la nani?

Mimi: La kwangu, mama.

Shamsa: Na hiyo ngata, imeandikwa ni ya nani?

Nikaigeuza fomu. Mimi, ambaye nimewahi kutetea pande zote mbili za hoja moja kwa siku moja, nikaanza kutafuta mstari mwingine upande wa nyuma.

Volti: Fomu ina mstari mmoja tu, mama. Ni fomu ya wanafunzi.

Nshomile: Umoja ni nguvu.

Mjomba Yahaya: Nguvu anapewa nani, Projest?

Nshomile akaomba kahawa nyingine.

Mimi: Mama, kazi yenyewe ni ya mwanafunzi. Hata nikikuandika wewe, hawatakuchukua. Na wakiona haijatoka kwangu, watanikata na mimi.

Shamsa: Mimi sikuomba kazi, mwanangu. Nimeuliza jina.

Mjomba akainamisha birika kwenye kikombe cha Nshomile, yakatoka matone matatu na machicha. Hakuna aliyedai kilichobaki. Mwenye bodaboda niliyemwashiria akapiga honi kuuliza kama naenda au siendi, na watu wote wa benchi lile, wanaojua siri ya sumaku na damu, wakaitazama kalamu yangu iliyosimama juu ya mstari mmoja.

Shamsa akavuta ubao, akaketi katikati ya Volti na Nshomile, akaliegemeza beseni kwenye goti.

Shamsa: Fikiri taratibu. Mimi sina haraka, dagaa wangu walishakauka.